Mgeni Nyuma ya Jiko

Ukuta wa nyuma ya jiko ulipoharibika, mimi sikusikitika hata kidogo. Bomba la jirani wa ghorofa ya juu lilikuwa limepasuka, maji yakawa yanashuka ndani ya ukuta wetu bila mtu kujua, na vile vigae vyeupe tulivyovikuta tuliponunua nyumba hii hapa Weston, huku ughaibuni, vikaanza kudondoka kimoja kimoja juu ya sufuria. Nilivichukia tangu siku ya kwanza. Si vyenyewe, ila ile mistari katikati yake. Anayepika mchuzi wa nazi na manjano ananielewa: mistari inabadilika rangi, unasugua kwa mswaki mpaka bega linauma, na wageni wakiingia jikoni macho yao yanakwenda palepale.

Mume wangu alitaka tuweke bati la chuma cha pua, kama la mgahawani. Nikamwambia mimi si mama ntilie. Nilichotaka ni kioo: kipande kimoja kisicho na mstari, cheusi, kinachong'aa, ambacho ukipitisha kitambaa mara moja kazi imekwisha. Nilikiona kwenye duka moja la Etobicoke, nikasimama mbele yake na bila kufikiri nikaanza kujitengeneza mtandio. Mume wangu akasema hicho ni cha kujirembea, si cha kupikia. Lakini mwenye jiko ni mimi, na fundi alipomaliza kukibandika nilijiona nimelamba dume. Kila aliyekuja alikisifu, isipokuwa mama yangu, ambaye alikitazama tu.

Mama nilimleta kutoka Tanga baada ya baba kufariki. Alikuja na akili zake timamu, kisha zikaanza kumponyoka, kwanza majina ya watu, halafu njia ya kwenda chooni. Daktari alitutajia jina la ugonjwa. Kwetu wangesema tu mama amekuwa mtu mzima sana, wakaliacha hapo. Mchana sisi tukiwa kazini alikaa naye dada mmoja wa Kifilipino, mpole, mwenye huruma, asiyejua Kiswahili hata neno moja. Mwanangu anakielewa, ila anamjibu bibi yake kwa Kiingereza, na mama kwa Kiingereza anajua kushukuru tu. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akisifika mtaani kwa soga alishinda siku nzima mdomo umefungwa.

Ndiyo maana yule dada aliponiambia kuwa siku hizi mama anazungumza jikoni, nilifurahi. Jioni moja niliwahi kurudi, nikasikia sauti yake tangu mlangoni. Alikuwa amekaa kwenye meza ndogo iliyo karibu na jiko, sahani ya wali na samaki mbele yake haijaguswa, uso ameuelekeza ukutani. "Karibu, bibi," alikuwa akisema. "Karibu, usione haya. Chakula kipo." Ndani ya kioo alikaa kikongwe aliyejitanda kanga, midomo yake ikicheza.

Watu wetu hawatii tonge mdomoni mbele ya mtu bila kumkaribisha, na mgeni akiwapo mwenyeji hatangulii kula. Mama alinilea kwa sheria hiyo, na mwiko wa kupakulia niliuonja mgongoni kwa sababu yake. Mengine yote yalikuwa yamemtoka, hata jina langu mara nyingine, lakini hili lilibaki zima. Mgeni hakugusa chakula, basi na yeye hakugusa.

Mwanzoni tuliona ni kichekesho. Mume wangu akamtania, "Mama, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mama akamkazia macho. "Huyu ana nguvu gani za kushika jembe? Huoni alivyokonda?" Tukacheka sote.

Kisha kicheko kikatuishia. Nguo za mama zilianza kumpwaya, pete ikamvuka kidoleni akiwa ananawa mikono. Nilimhamishia sahani sebuleni. Akainuka nayo, akarudi jikoni. "Nile huku, na mwenzangu kule ana njaa?" Nikajaribu kumlisha kwa mkono wangu, akaugeuza uso kwa aibu, kwa sababu mgeni alikuwa anatutazama. Daktari akampima, akaweka kalamu chini, akaanza kusema kwa ile sauti laini ya huku ambayo nimejifunza kuiogopa. Alisema mama asipoanza kula, hatutaweza kukaa naye nyumbani, itabidi apelekwe kwenye nyumba ya wazee, waliko wauguzi.

Nilikwenda kuiona nyumba yenyewe. Ni safi, siwezi kusema uongo. Ukumbini kunanuka sabuni na supu, na wazee wamepangwa mbele ya televisheni wengine wamelala midomo wazi. Nilifikiri mama ataishi humo mpaka afe, na hakuna atakayemwambia karibu kwa lugha anayoisikia. Nikarudi nikamwambia mume wangu mama haendi. Akasema, "Basi inabidi ale." Nilimkasirikia, lakini alisema kweli.

Siku iliyofuata, kabla mama hajaamka, nilichukua kanga nikakifunika kioo chote na kuibana kwa utepe. Nilijiona mjanja. Mama akaja akijikongoja, akaiona kanga imetandazwa pale alipokuwa mwenzake, akakaa chini sakafuni. "Innalillahi," akasema. "Wamemfunika." Halafu akaangua kilio, kile kilio cha msibani nilichokisikia mara ya mwisho siku ya baba. "Kafa na njaa! Kafa na njaa, nyumbani kwangu!" Niliichana ile kanga kwa mikono yangu. Mama alipomwona yule kikongwe yu hai, naye analia, alimkimbilia akaweka kiganja chake juu ya kiganja chake. Siku ile hakula kabisa.

Nilirudi dukani peke yangu. Safari ya kwanza nilitafuta kinachong'aa. Sasa nilitafuta kilichokufa. Muuzaji, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alinipangia sampuli mezani, nami nikawa nainamisha uso juu ya kila moja. Marumaru iliyosuguliwa ilikuwa na kivuli ndani. Chuma cha pua kilinionyesha kichwa kisicho na macho wala mdomo, nikawaza mama akimkaribisha mgeni wa namna hiyo, nikakisukuma mbali. Vigae vya kung'aa ndiyo balaa zaidi: kila kigae na kipande chake cha mtu. Tungekuwa na karamu nzima ya wasiokula.

Mwisho kabisa akanionyesha vigae vya udongo visivyopakwa chochote, rangi ya majivu, vya kukwaruza mkono. Akanionya kwamba hivyo havifai nyuma ya jiko, vinanyonya mafuta, na manjano yakishaingia hayatoki. Niliinama, nikaangalia. Hakukuwa na mtu.

"Hivi," nikasema. Nilipofika garini nililia, kwa hasira kuliko huzuni, ingawa hasira yenyewe sikujua niitupe kwa nani.

Fundi alikuja mume wangu akiwa amemtoa mama kwenda kutembea kando ya mto Humber. Waliporudi nilikuwa nimekwisha kupakua. Mama akasimama mlangoni mwa jiko, akautazama ukuta kwa muda mrefu. Akausogelea, akaupapasa kwa kiganja, huku na huku, kama apapasaye kitanda gizani. Kisha akakaa, akanawa, akala. Alikula wali wote, akamchambua samaki mpaka mifupa ikabaki mitupu, akalamba vidole. Mimi nilisimama nimeshika mlango wa friji, nasema alhamdulillahi kimoyomoyo.

Daktari alifurahi. Nguo zimeanza tena kumkaa mama, na habari ya nyumba ya wazee hakuna anayeigusa. Nilimtaka ale, anakula. Ila hasemi. Yule dada wa Kifilipino ndiye aliyetangulia kugundua, akaniuliza kama mama anaumwa koo. Nilikuja kuelewa nimechelewa: katika mji huu mzima, yule wa kwenye kioo ndiye peke yake aliyekaa na mama kutwa, akamsikiliza bila kuangalia saa, na hakuwahi kumjibu kwa lugha ya kigeni. Siku hizi mama anakula haraka, kimya, kama mtu anayemaliza kazi aliyopewa. Vigae vimeshaingia madoa ya manjano, makubwa. Sivisugui.

Ijumaa iliyopita niliomba ruhusa kazini. Nikapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikajitanda kanga vile anavyojitanda yeye, nikakaa mkabala naye, mgongo wangu kwenye ukuta. "Karibu, mama." Akaanza kula. Nilimsimulia ya Tanga, nani kaoa, nani kajenga, nani kagombana na nani, umbea wote niliokuwa nao. Nilitaka anikate kauli kama zamani, aniambie hiyo habari siijui, aisimulie yeye.

Alipomaliza samaki aliinua macho akanitazama kwa adabu, vile mtu anavyomtazama asiyemjua.

"Samahani, bibie," akasema. "Sogea kidogo. Hapo ulipokaa hukaa mwenzangu. Akija atakosa mahali."

Nikasogea.