Kitanda cha Mama Mumo

Hii nitawaambia mara moja tu, na kama mnataka kucheka chekeni mapema, kwa sababu hata mimi ninayejicheka kwa kila kitu bado sijapata mahali pa kuchekea hapa. Mpaka leo nikikutana na mtu wa ile ploti tuliyokuwa tumepanga njiani najifanya naongea na simu.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Jamhuri, ghorofa ya tatu, mimi na mume wangu Kamau, na nilikuwa na mimba ya miezi minane. Nilikuwa nimeingiwa na ile akili ya nyumba isiyo na vitu, niliyoiokota kwenye video za mwanamke fulani mwenye kuta nyeupe, godoro moja, ua moja na mtoto amelala kwenye kikapu kama mkate. Nikauza kabati, nikatoa makochi, nikabakisha viti viwili (Kamau akauliza wageni watakaa wapi, nikamwambia wasije). Mtoto nilimpangia nguo saba, shuka mbili na beseni. Angelala na sisi.

Sasa, mlango wa pili alikaa Mama Mumo, mama mpole wa Machakos, mfanyakazi wa serikali, wa salamu moja asubuhi na moja jioni. Huyo Mumo sikuwahi kumwona, nikajiambia labda yuko shule ya bodingi. Sikuuliza. Siku moja yeye na mumewe wakabisha hodi wamebeba kitanda cha mtoto, cha mbao, rangi ya manjano, kazi ya mafundi wa Ngong Road pale karibu na Adams Arcade.

"Kimekaa tu kwangu," akasema. "Chukua, Wambui. Kitakufaa."

Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma, nikasema asante sana, Mungu akubariki, na mlango ulipofungwa nikaanza kukichukia. Kilijaza chumba. Wiki tatu nzima nikijigonga kidole kwacho.

Ikafika Jumamosi ambayo akina mama wa kanisa walikuwa waje kuniombea, pamoja na mama yangu kutoka Waithaka, na mimi nikataka waone nyumba yangu vile nilivyoiota. Mama Mumo alikuwa ameenda Machakos, arudi Jumapili. Nikapiga hesabu zangu: kitoke leo, akiuliza nitasema nimekipeleka kwa mama. Soja anayelinda geti akakishusha, nikakipiga picha, nikaandika kwenye grupu ya ploti: "Kitanda cha mtoto, bure. Kizee. Mwenye kutaka hii takataka achukue kabla gari la taka halijakuja."

Mama Mumo alikuwa kwenye hiyo grupu. Kwa vile hakuwahi kuandika chochote humo, nilisahau kwamba anaweza kusoma.

Haikupita nusu saa, akaniandikia peke yangu: "Wambui, hicho si kile chetu?"

Hapo ningeomba msamaha, mambo yangeisha. Nikajibu: "Hapana, hicho ni cha mtu wa ghorofa ya chini. Chenu nilipeleka kwa mama Waithaka, mtoto atakitumia tukimtembelea." Nikaweka na kamoyo kekundu.

"Sawa," akasema.

Wageni wakafika, mama akakalia kiti, wengine mkeka. Tulikuwa katikati ya wimbo wa kwanza tuliposikia msumeno huko chini, halafu sauti ya mwanamke: "Wacha! Tafadhali, wacha!"

Tukachungulia. Mama Mumo alikuwa amerudi siku moja mapema, mkoba wake umeanguka getini, ameshika ubao wa kitanda, na jirani mmoja wa ghorofa ya chini amesimama na msumeno, kwa sababu alikiona kwenye grupu na alikuwa ameamua kukigeuza kibanda cha sungura na tayari alikuwa amekata fito mbili.

Nikashuka, tumbo mbele, akina mama wote nyuma yangu (niliwaambia wabaki, nani alinisikia?). Na badala ya kunyamaza nikasema, "Mama Mumo, vinafanana tu, si unajua hao mafundi hutengeneza vyote sawa."

Hakubishana na mimi. Alimgeukia mama yangu, akamsalimia kwa heshima, akamuuliza, "Mama, kile kitanda changu kilifika kwako salama?"

Mama yangu hajui kudanganya hata kidogo. "Kitanda gani, mami? Mimi sijaletewa kitanda."

Mama Mumo akageuza ubao wa chini, na hapo palikuwa pameandikwa kwa penseli: MUMO.

"Baba yake aliandika," akamwambia yule wa msumeno, si mimi. "Ili fundi asikichanganye na cha mtu mwingine."

"Mumo yuko wapi?" Sijui kwa nini niliuliza wakati huo.

"Aliishi siku nne tu, hospitali. Hakufika nyumbani. Hata kulaliwa, hakikulaliwa."

Akaanza kubeba vipande juu, safari moja baada ya nyingine, akikataa kusaidiwa. Nikaziinua zile fito mbili.

"Weka chini," akaniambia. "Utajiumiza. Uko na mtoto."

Afadhali angenichapa kofi.

Maombi hayakumalizika, na chakula hakikuliwa. Mama aliosha vyombo vya kupikia, akavaa sweta, na mlangoni akaangalia sebule yangu tupu. "Nyumba imekuwa safi, Wambui," akasema, akaenda.

Nilibisha kwao siku tatu mfululizo. Mumewe alifungua akasema mkewe amepumzika. Msichana wangu akazaliwa, majirani wakaja kumwona, yeye hakuja. Tulikutana kwenye ngazi mtoto akiwa na mwezi mmoja. Akamshika mguu, akauliza jina lake. Nikaanza kulia na kuomba msamaha.

"Nilitaka tu kuona kikilaliwa," akasema. "Ungeniambia hukitaki, ningekichukua."

Mwisho wa mwezi huo walihama, mimi nikiwa kliniki, na sijui walienda wapi.

Kwa hivyo niliapa. Kitu cha mtu nisichokitaka sikipokei kwa tabasamu tena. Nakataa hapo hapo mlangoni, nikimwangalia usoni. Tayari nimepoteza marafiki wawili kwa hiyo tabia. Hao wawili uzito wao naweza kuubeba; wa Mama Mumo bado unanilemea.