Moshi wa Shimo la Bonifasia

Kwa miaka zaidi ya kumi Bonifasia hakuivisha ndizi nyumbani kwake. Alikuwa ametengeneza pombe ya ndizi tangu usichana, na migomba yake ilikuwa mizuri kuliko ya wengi pale Mugoma, lakini ndizi mbivu alinunua kwa watu. Aliyeuliza sababu aliambiwa kwamba mgongo hauruhusu tena kuinama. Shimo la kuivishia lilibaki nyuma ya jiko, limeota nyasi, na hakutaka mtu alifukie.

Jirani yake Francisca alilijua shimo lile. Humo ndimo alimotolewa mumewe, Bizimana, mwaka ule wa msako wa wahamiaji. Bizimana alivuka mpaka mgongoni mwa mama yake, hajaota meno. Akakulia hapa, akaoa hapa, ila karatasi hakuwa nayo. Walimpandisha lori akarudishwa Burundi, na masika yaliyofuata ikaja habari kwamba kifua kimemmaliza. Kwa kuwa alikutwa kwa Bonifasia, watu walijijazia wenyewe yaliyobaki. Walisema alimficha kwa mkono mmoja na kuwaita wasakaji kwa mwingine. Francisca hakusema neno. Aliacha tu kumwita dada, na kisimani akawa anasubiri hadi Bonifasia aondoke ndipo ateke.

Sasa kila Alhamisi walikaa chumba kimoja, darasa la katekisimu, pamoja na wanawake wengine saba, kila mmoja na lake la mwaka ule. Kikundi hicho cha kusimuliana machungu kiliongozwa na Tecla, mwalimu kutoka Biharamulo. Kihangaza chake, lugha ya pale Mugoma, kilikuwa cha kuombea maji tu, kwa hiyo walizungumza Kiswahili. Jambo hilo lilimtesa Bonifasia kimyakimya, maana wasakaji nao walisema Kiswahili.

Alhamisi ya sita, kabla hawajaanza, bibi Zita aliuliza, "Mwalimu, leo tukimaliza kulia kuna chai, au tunalia kavu?"

Wakacheka wote isipokuwa Francisca. Aligeuza kiti chake kikamwelekea Bonifasia.

"Mimi nina swali moja. Nani aliwaambia kwamba yumo shimoni?"

Kicheko kikakatika. Tecla akakumbusha kwamba hapa hakuna anayelazimishwa kujibu. Bonifasia alitazama mikono yake. Angeweza kusema kwamba hakuna aliyewaita, na isingekuwa uongo. Lakini ukweli huo ulikuwa na nusu yake ya pili, na Francisca akiisikia, huenda hata kukaa naye chumba kimoja kungekwisha.

"Hakuna aliyewaambia," alisema. "Ni moshi."

Akaeleza. Bizimana alimjia alfajiri, anahema. Akamwingiza shimoni, akamfunika kwa majani ya mgomba na udongo, akamwachia upenyo. Kisha akakumbuka kwamba shimo lililofunikwa bila kutoa moshi halina ndizi, na hilo kila mtu hapa analijua. Kati ya wasakaji walikuwamo vijana wa hapahapa, waliokulia kando ya mashimo kama hayo. Basi akawasha moto kwenye tundu la pembeni linalopeleka moshi shimoni, kama siku zote. Watu wakaja, wakauona moshi, mmoja akawaambia wenzake kwamba ni ndizi hizo, twendeni. Walikuwa wameshafika kwenye ua wakiondoka. Ndipo Bizimana akakohoa.

"Nilikijua kifua chake," Bonifasia alisema. "Sote tulikijua. Mkono ulifanya ulivyozoea, nami nikauacha."

Francisca akavuta kiti karibu.

"Alisema nini ulipowasha?"

"Alisema, 'Usizidishe, dada.' Nikazidisha. Niliwasikia wanakuja, nikaongeza majani mabichi."

Francisca akasimama, akajifunga kitenge chake, akatoka. Tecla alitaka kumfuata. Bibi Zita akamshika mkono na kumwambia amwache.

Bonifasia alirudi peke yake. Njiani alisalimiwa mara mbili na hakuitika. Alipofika alisikia kitu kinakatika nyuma ya jiko, akazunguka taratibu. Francisca alikuwa amepiga magoti kwenye ukingo wa shimo, anang'oa nyasi kwa mikono. Hakugeuka.

"Kumbe ni dogo hivi," alisema. "Alikaaje humu?"

"Alikunja magoti. Kichwa huku, upande wa jiko."

Francisca akatazama upande huo. Aling'oa shina jingine, akalikung'uta udongo, akalitupa. Vidole vyake vilikuwa vinatoka damu.

"Jumapili nitaleta ndizi zangu," alisema. "Moto utawasha wewe. Mimi nitakaa hapa hapa, niuone."

Bonifasia alikwenda upande wa pili wa shimo. Akainama, na mgongo ule ule ukainama naye, akaanza kung'oa.