Kopo la Baba Mkwe

Naona haya hata kuwasimulieni hili, na msingenibembeleza ningekufa nalo. Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa msaidizi wa daktari mmoja Mzungu aliyekuwa akichunguza minyoo huku kwetu Kisarawe, na kazi yangu (chekeni, mmalize kabisa) ilikuwa kugawa vikopo vitupu vya sigara nyumba hadi nyumba, kisha kuvikusanya asubuhi vikiwa na choo cha kila mtu, kila kopo na jina la mwenyewe.

Nikaenda vizuri mpaka nikafika kwa baba mkwe, Mzee Kondo. Jamani, mtu ambaye nikila naye siinui macho, nianzie wapi kumwomba choo? Nikamwamkia, nikauliza habari za mihogo, nikaondoka na kopo langu mfukoni. Lakini daktari hakutaka pengo kwenye daftari lake, nami kazi naitaka, basi asubuhi nikaenda nyuma ya nyumba yangu, nikajaza kopo mwenyewe, nikaandika jina la mzee.

Wiki iliyofuata daktari akataka apelekwe kwa Mzee Kondo, maana kijiji kizima hakuna aliyemfikia kwa mayai ya minyoo ya safura. Tukamkuta barazani na ndugu zake, daktari akaeleza, mimi nikatafsiri. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Kopo lipi, mwanangu? Mbona hukuniletea kopo?"

Daktari alikijua Kiswahili kiasi cha kuelewa hilo. Akaniuliza choo kile ni cha nani, nikasema changu. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Akanimiminia dawa palepale, mbele ya wakwe zangu, kisha akanipa haluli ya kuendesha tumbo juu yake.

Sasa haluli haijui adabu, na kwangu ni mbali. Mchana kutwa nikashinda katika choo cha makuti cha baba mkwe (mimi niliyeshindwa hata kulitaja neno lenyewe mbele yake!), na mara ya nne maji yakaniishia humohumo. Naona haya kuita. Mara nikasikia mtu anakohoa nje, na mkono wa mzee ukapenyeza kata ya maji chini ya makuti.

"Chukua, mwanangu. Na kesho niletee na mimi kopo langu. Tumbo hili linanisumbua tangu mwaka jana, nilikuwa naona haya kukuanza."

Nililia humo ndani, kweli tena. Kopo lake nikalipeleka alfajiri, na tangu hapo, awe mkwe, awe shehe, naomba kwanza, haya nitaona baadaye.