Treni ya Mkate

Jumapili iliyopita nilikuwa nakata tango vipande vya duara kwa ajili ya sherehe ya mwanangu, na harufu yake ikanirudishia hasira ya zamani.

Nilipokuwa mtoto, siku yangu ya kuzaliwa, nyumbani kwetu Sombetini, mama alinitengenezea treni. Mabehewa yalikuwa mkate uliopakwa siagi ya karanga, magurudumu vipande vya tango, moshi wake bisi zilizonukia mafuta ya moto. Kichwa cha treni kilikuwa soseji nzima. Niliizunguka tangu asubuhi.

Wageni wakajaa, sala ikaombwa ndefu, halafu mama akanipa uma. "Walishe wakubwa kwanza. Yako ipo."

Shikamoo, kipande. Shikamoo, kipande. Kila mdomo ulipofunguka walipiga makofi, nami niliamini jikoni kuna treni nyingine, maana mama hakuwa mwongo. Bibi, aliyekuwa ameshuka kutoka kwenye migomba yake kule Meru, nilimpelekea soseji. Hakuila. Aliifunga kwenye tishu, akaitia mkobani. "Nitampelekea babu yako."

Nilikimbilia jikoni. Masufuria machafu tu. Niliporudi, sinia lilikuwa na gurudumu moja la tango, nikalila huku nalia. Leo najua mkate ulikuwa mmoja tu.

Basi Jumapili hiyo mwanangu alinivuta gauni, uma mkononi, akitazama gari la mkate nililomtengenezea likiishia kwa wajomba.

"Mama, na mimi?"

"Walishe kwanza," nikamjibu. "Yako ipo."

Jikoni sikuwa nimebakiza kitu.