Mbuzi wa Wino

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kwanza ondoeni hivyo vitu vya masikio. Kuongea na mtu aliyeziba masikio ni kama kuhubiria magunia. Mimi shule niliiacha mapema, kwa hivyo mkikuta mahali nimekosea nyamazeni, msome mbele. Ninachotaka mjue ni jambo moja. Kabla hujachora kitu kwenye karatasi ukampelekea mtu mzima, jiulize yule mtu ataona nini. Si wewe unaona nini. Yeye.

Mambo yenyewe yalianza na goti langu.

Nilikuwa nimepigwa picha ya goti pale Nyeri mjini, ile picha nyeusi ya mifupa, nikaiweka juu ya kabati ndani ya bahasha yake. Siku ya kurudi kwa daktari napapasa juu ya kabati, bahasha iko, picha haiko. Nikauliza nyumba nzima. Mke wa mwanangu akaangalia ukuta. Mjukuu wangu, binti yake mkubwa, huyu aliyepewa jina langu kama desturi yetu inavyotaka, akatoka chumbani na vidole vyeusi kama aliyekuwa akisugua sufuria za harusi.

"Shosho, usikasirike," akasema.

Mtu akikuambia usikasirike, ujue tayari ameharibu kitu chako.

"Goti langu liko wapi?"

"Liko hapa tu. Nimelikata kidogo."

Kidogo! Alikuwa ameiloweka picha kwenye dawa ya kufulia nguo nyeupe mpaka mifupa yote ikatoka, ikabaki plastiki safi unaona upande wa pili. Halafu akachukua wembe akachonga katikati tundu lenye umbo la mbuzi. Mbuzi wa pembe, wa ndevu, na mkia umesimama. Akaniambia hiyo ni stensili. Unailaza juu ya karatasi, unagonga wino kwa kipande cha sifongo, ukiinua plastiki, mbuzi amebaki kwenye karatasi. Unasogeza, unagonga tena, mpaka karatasi yote inakuwa malisho.

"Na daktari nimpelekee nini? Mbuzi?"

"Daktari ako na hiyo picha kwa kompyuta, shosho."

Nikaketi. Kwa watoto wa siku hizi kila kitu kiko kwa kompyuta, hata goti la mtu.

Sababu ya kazi hiyo yote ni kwamba alikuwa anaolewa. Kijana ni wa Kutus, kule Kirinyaga, mtoto wa watu wa nyanya na mpunga, mpole, anasalimu kwa mikono miwili. Siku ya ruracio ilikuwa imewekwa, ile siku watu wa mvulana wanakuja kwa watu wa msichana kuongea habari ya mahari. Mjukuu wangu akasema hataki kadi za dukani kwa sababu kila mtu anazo, na hatatuma mwaliko kwa simu kama watu wanaoitana mkutano wa maji. Atatengeneza zake kwa mikono yake. Na kwa kuwa ruracio ni mambo ya mbuzi, akaona hakuna pambo zuri kuliko mbuzi.

Basi nyumba ikageuka kiwanda. Meza ya kulia chakula ikafunikwa na karatasi ngumu za manila, sisi tukala tukiwa tumeshika sahani kwa magoti. Wino wa mihuri ulitoka kwa Mhindi wa duka la vitabu, chupa ya nyeusi na chupa ya rangi kama damu ya mzee. Sifongo zilitoka wapi? Kona ya godoro la wageni. Nilipoligeuza nikakuta limeng'atwa kama mkate. Nikauliza ni panya gani huyo wa mkasi. Mke wa mwanangu akasema, "Mama, si ni kwa ajili ya ruracio?" Neno hilo lilikuwa limekuwa ruhusa ya kila ujinga.

Nilimwambia yule msichana kuhusu wino. Siwezi kusema sikumwambia. Nilipokuwa kijana nilipiga alama kwenye magunia ya kahawa pale kiwandani, na stensili yetu ilikuwa ya bati. Kila mtu pale alijua wino hauzidishwi.

"Gonga, usipake," nikamwambia. "Na kwanza ukamue hiyo sifongo. Wino ukizidi unatambaa chini ya plastiki."

"Shosho, inakaa poa ikitambaa. Hiyo ndiyo staili."

"Staili ya nani?"

"Ya mikono. Watu wajue haikutoka kwa mashine."

Wino ukatambaa. Ulitambaa mahali pale pale kila mara, kwenye tumbo, kwa sababu tundu lilikuwa pana hapo na plastiki ilikuwa imeinuka kidogo. Mbuzi wa kwanza walikuwa wembamba kama mbuzi wa Kieni wakati wa kiangazi. Kadiri plastiki ilivyolowa, matumbo yakavimba. Wa mwisho hata miguu yao ilionekana mifupi.

Halafu hawakukauka. Ilikuwa ule mwezi wa baridi ambao hapa kwetu ukungu unaamka kabla yako na unalala baada yako, mlima hauonekani, hata soksi inakaa kwenye kamba mpaka inanuka. Msichana na mama yake wakafunga kamba sebuleni, wakatundika karatasi kama nguo. Nikipita naenda jikoni karatasi zinanipapasa uso. Nilienda mkutano wa akina mama wa kanisa na mbuzi kwenye kitambaa changu cha kichwa, hapa mbele, juu ya paji la uso, na tukaimba, tukaomba, tukanywa chai, hakuna aliyeniambia. Aliyeniambia ni mke wa mwanangu niliporudi, tena baada ya kucheka mpaka akashika mlango.

Zilipokauka wakazikata. Hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu ubaya wote uko hapa. Karatasi kubwa ilikuwa imejaa mbuzi huku na huku. Wao wakaweka rula wakapiga mistari ya kadi bila kuangalia mbuzi ameketi wapi. Kadi moja ikabeba kundi zima. Nyingine ikapata wawili watatu. Nyingine ikapata makalio upande huu na kichwa upande ule. Mjukuu wangu akakunja, akaandika ndani kwa mwandiko mzuri, kwa kweli mwandiko anao, akampa mchumba wake azipeleke kwao Kutus, kila mzee apate yake.

Nilikuwa nakama ng'ombe simu ilipolia. Alikuwa mjomba wa yule kijana, mkubwa wa ndugu za mama yake, ndiye waliyemchagua awe msemaji wao siku ya ruracio.

"Mama, habari ya huko?"

"Nzuri, mzee. Baridi tu."

"Tumepata zile karatasi zenu."

"Ni kadi za mwaliko, mzee."

"Ndiyo. Tumeona mbuzi."

"Hayo ni mapambo."

"Tumehesabu."

Maziwa nusura yamwagike. Kwa wazee wetu mifugo haihesabiwi kwa kidole, ni kuiitia msiba. Na mahari haiandikwi mapema ikatumwa. Inaongewa siku hiyo hiyo, wazee wakiwa wameketi, kwa maneno ya kuzunguka zunguka, na watu wamekunywa kitu. Kumtumia mtu mbuzi kwenye karatasi kabla hajafika ni kama kumwambia mgeni bei ya chai akiwa bado mlangoni.

"Nani alikuambia uhesabu, mzee?" nikauliza.

"Kwani mbuzi waliletwa niwafanye nini? Mimi nimepewa kundi. Baba ya kijana amepewa wawili, na mmoja hana kichwa. Sasa ameniambia nyinyi mmeona mimi ndiye tajiri na yeye ni maskini, na tangu jana haniongeleshi. Mama, mmetugawia mzigo kabla hatujavua kofia?"

"Hakuna mtu amegawiwa kitu. Ni rula tu. Walikata vibaya."

"Na wenye mimba?"

"Hakuna mwenye mimba."

"Mama. Mimi nimefuga mbuzi tangu nikiwa mtoto. Mwenye mimba namjua. Nauliza tu, watoto wao nao wamo?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na yote mawili yalinikasirisha. Akasema kwa upole, na upole wa mzee ni mbaya kuliko kelele, kwamba hawawezi kuja mahali ambapo wameshapangiwa. Ruracio ingoje kwanza. Akakata simu.

Nyinyi mnajua kungoja ni nini kwa mambo kama hayo. Inaanza kungoja, halafu mtu anasikia maneno, halafu mwingine anakumbuka ugomvi wa shamba wa zamani, na msichana anazeeka kwao akiwa na kijana mzuri kwa simu. Mjukuu wangu alijua. Aliketi kwenye stuli ya jikoni akalia bila sauti, machozi yakichora njia kwenye wino wa mashavu.

"Nilitaka tu iwe nzuri, shosho."

"Ni nzuri. Shida ni kwamba imesomeka."

Mwanangu akataka kupiga simu. Nikamwambia aiweke chini. Baba wa msichana hawezi kukimbilia wakwe kabla ya ruracio, ataonekana anauza. Lakini bibi kizee anaweza kwenda popote, watu watasema goti limemtuma. Nikafunga ile stensili ndani ya gazeti, nikachukua chupa ya wino, kipande cha godoro langu na karatasi tupu, nikapanda gari la Karatina, hapo nikapanda lingine, nikashuka Kutus na jua kali la huko, sweta mbili mwilini kama mjinga.

Nilikuta wamekaa sebuleni kwa yule mjomba, yeye upande huu, baba ya kijana upande ule, kila mmoja anaangalia dirisha lake. Kadi zilikuwa zimepangwa juu ya meza, mbuzi juu. Mke wa mjomba akaleta chai. Sikuigusa.

"Wazee," nikasema, "sikuja kuomba wala kupunguza. Nimekuja kuwaonyesha mama ya hawa mbuzi wote."

Nikatandika gazeti. Nikalaza plastiki juu ya karatasi, nikachovya sifongo, nikakamua, nikagonga taratibu. Nikainua. Akatoka mbuzi mwembamba, safi, na ndevu zake. Baba ya kijana akasogea. Nikasogeza plastiki, nikagonga, akatoka mwingine, ndugu yake kabisa.

"Ni mmoja tu," nikasema. "Wote mliowahesabu ni huyu mmoja anazunguka. Msichana amekaa akigonga akifurahia kuolewa kwenu. Hakuna mwenye akili ya kudai hapo. Mngemwona mikono."

Mjomba akanyoosha mkono. "Lete nijaribu."

"Kamua kwanza."

Hakukamua. Wanaume hawakamui. Alibonyeza ile sifongo kama anayezima sigara, wino ukaruka mpaka kwenye mkono wa shati lake jeupe. Alipoinua plastiki, palikuwa na mbuzi mwenye tumbo la kufika chini.

Mke wake aliyekuwa amesimama na birika akainama akaangalia. "Ngai! Mzee, umempa mimba."

Baba ya kijana ndiye alianza kucheka. Alicheka akapiga goti la shemeji yake, yule aliyekuwa hamwongeleshi, akasema, "Sasa huyo utamlea wewe." Mjomba alijaribu kukaa na uso wa baraza lakini ukamshinda. Nikanywa chai yangu, ilikuwa imepoa.

Lakini mzee ni mzee. Alipomaliza kufuta macho akakusanya zile kadi zote akanirudishia.

"Tutakuja siku ile ile," akasema. "Ila hizi siwezi kuziweka kwa nyumba. Wajukuu wangu watazikuta siku moja, waseme babu alidaiwa kwa karatasi. Mtuletee nyingine, na kila mzee apate sawa na mwenzake. Nisione hata pembe."

"Hutaona."

"Na huyu wangu?" akauliza mke wake, akishika ile karatasi ya tumbo kubwa.

"Huyo mwache," mzee akasema. "Huyo hatujaombwa na mtu."

Nilirudi nyumbani goti likiwaka moto. Siku zilizobaki zilikuwa chache, ukungu uko pale pale, na mimi njiani nimejiambia angalau sasa wamejifunza. Nikafungua mlango. Mke wa mwanangu ameshika taa ya simu, mwanangu ameshika plastiki mpya isiteleze, na mjukuu wangu na wembe, ulimi nje kwa bidii, ameshamaliza kichwa, mdomo na kishungi.

"Shosho! Wamekubali?"

"Wanakuja. Hiyo ni nini?"

"Jogoo," akasema, macho yanang'aa. "Mbuzi tumewaacha kabisa."

Nilisimama pale na sweta zangu mbili. Nikamwomba Mungu subira, hakuwa nayo ya kunipa. Nikaweka kikapu chini nikawaambia wote watatu: "Weka wembe chini. Wewe zima simu, wewe nenda uniletee tawi la kahawa. Mtakata jani. Kila kadi jani moja, katikati, na sifongo ikamuliwe nikiona. Na kitu chochote chenye miguu, iwe miwili au minne, kisikanyage karatasi ya nyumba hii mpaka wageni wamekula, wamenawa na wamerudi kwao."