Taa ya kijani, kuku, na mama mkwe

Pikipiki yangu ya utumishi ilikuwa na taa nne ndogo chini ya kioo cha usukani. Mbili nyeupe za kumulika mshale wa mwendo, moja ya buluu ya kusema kwamba taa kubwa imewaka, na moja ya kijani ya kusema kwamba gia iko huru. Zilikufa moja baada ya nyingine, taratibu, na sikuzililia. Mshale wa mwendo wenyewe ulikuwa umekwama kwenye thelathini hata nikiwa nimesimama mbele ya kanisa, kwa hiyo kuumulika kungekuwa kumulika uongo. Taa kubwa nilijua imewaka kwa kutazama barabara. Na gia niliijua kwa mguu.

Ndivyo nilivyokuwa nikimwambia mke wangu: mguu wangu unajua. Naye ndiye aliyekuwa ameketi nyuma yangu siku mguu wangu uliposahau.

Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya waasi. Waasi walishika Butembo yetu ya baridi na Beni iliyo kule chini kwenye joto, na barabara kati ya miji hiyo ilijaa vizuizi. Kizuizi kilikuwa kamba tu, na askari, na sheria moja: zima injini kwanza, halafu tuongee. Pikipiki yangu ilikuwa mzee. Haikuwaka ila gia ikiwa huru kabisa, na ukiipiga teke gia ikiwa ndani, iliruka mbele mara moja kama mbuzi aliyefungwa, kisha ikazima. Siku hiyo, kwenye kizuizi kilicho chini ya mteremko wa Kabasha, nilisalimu, nikaulizwa, nikaruhusiwa, nikapiga teke. Ikaruka. Kamba haikuguswa. Lakini kando ya kamba kulikuwa na mafiga matatu, na juu yake sufuria ya maharagwe ambayo askari wale, waliokuwa na Kilingala kingi kuliko Kiswahili, waliyaita madesu.

Mkubwa wa kizuizi alitazama chakula chake kikinywewa na mchanga. Hakupaza sauti.

“Pasta,” akasema, “madesu nasamehe, juu uko mutu wa Mungu. Lakini hii tukutuku ikiruka tena hapa, itabaki hapa. Wewe utaenda na miguu.”

Mke wangu alingoja mpaka tulipopita kona mbili.

“Papa,” akaniambia, “leo ule muguu hauko na masomo.”

Tungecheka tu na kusahau, kama si habari zilizofika wiki mbili baadaye. Upande wa Beni watu walikuwa wanalala porini. Mama mkwe wangu alikuwa peke yake kwenye shamba lake la kakao, mjane. Wanawe wa kiume walikuwa wamekwisha kuvuka kwenda Uganda. Malori hayakutembea tena, maana wenyewe waliyaficha. Kilichobaki kilikuwa mimi na pikipiki.

Hapo nieleze jambo la kwetu. Mwanamume na mama wa mke wake hawashikani mikono. Hawali sahani moja, hawatazamani machoni, na hawasemezani mdomo kwa mdomo. Ukiwa na neno, unamwambia mtoto aliye karibu, au mbwa, au chungu kilichoko motoni, na mwenyewe husikia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa ya ndoa, na mama huyo alikuwa hajanielekezea neno hata moja, wala mimi yeye. Tulipendana sana. Chungu chake kimenipa shauri jema mara nyingi.

Sasa nimpakie nyuma yangu, saa tatu za mashimo. Na kama pikipiki ikiruka kizuizini, atarushwa mgongoni mwangu mbele ya askari. Halafu pikipiki ibaki pale, naye apande Kabasha kwa miguu, katika umri wake. Mke wangu alisimama mlangoni mikono kiunoni.

“Mama yangu hatakaa kwa hii kitu kama ile taa ya majani mabichi haiwake,” akasema. “Muguu wako ubaki na mahubiri.”

Nilikwenda kwa fundi. Fundi wangu alikuwa Mkatoliki, mwimbaji wa misa ya kwanza, na katika miaka yote niliyomjua hakuwahi kufungua boliti yangu moja bila kunifungulia na dini. Alitoa kioo cha taa kubwa, akaingiza mkono nyuma, akavuta kwa dole gumba mpira unaoshika taa. Ampuli, ile balbu yenyewe, ilikuwa ndogo kama punje ya haragwe, nyeusi ndani.

“Pasta, sisi Wakatolike tunawasha mishumaa mia kila Pasaka,” akasema. “Ninyi Waprotestanti ampuli moja inawashinda.”

“Yetu inawaka moyoni,” nikamjibu.

“Basi ufungue shati kwa barrière, kwa ile kamba ya askari, uangalie vitesse, kama gia iko huru.”

Shida ilikuwa hii: pikipiki yangu ilikuwa ya umeme wa volti sita, na madukani Butembo, penye vitu vyote kutoka Dubai, hapakuwa na ampuli ila za kumi na mbili, za pikipiki mpya. Fundi alipindua makopo yake yote. Mwishowe alipata moja inayoingia, ya kumi na mbili.

“Itawaka,” akasema, “lakini kwa uvivu. Iko kama mulevi siku ya kazi.”

Alisugua kutu ndani ya mpira kwa kipande cha msasa, akasukuma ampuli, akaizungusha kidogo mpaka ikakaa. Aliniuliza kama nataka tungoje nyingine kwa zile tatu zilizobaki. Nikasema hapana, mbio sina na usiku sisafiri. Ile moja iwekwe kwenye kijani. Akazungusha ufunguo. Tukatazama. Sikuona kitu.

“Inama,” akasema.

Nikainama. “Vua kofia, funika nayo.” Nikafunika kioo kwa kofia, nikaingiza uso chini yake kama mtu anayejifukiza dawa ya mafua. Kule ndani nikaona kijani kidogo, kilichofifia, kama jani la muhogo usiku. Nilimshukuru Mungu kwa kijani hicho.

“Umeona, Pasta?” fundi akasema. “Mara ya kwanza nakuona umepiga magoti kwa kitu kinachowaka.”

Nilishuka Beni peke yangu kesho yake. Kwenye kizuizi cha Kabasha nilizima, nikasalimu, nikaruhusiwa. Mkubwa wa madesu alikuwepo, amekaa mbali kidogo na njia, sufuria safari hii iko nyuma yake. Nikavua kofia, nikafunika kioo, nikainamisha kichwa na kutafuta kijani changu. Kilichukua muda. Nilipoinua uso, askari wote wanne walikuwa wamesimama wima, kofia mkononi. Mmoja alikuwa amefumba macho.

“Ngojeni,” mwingine aliwaambia wenye baiskeli waliofika nyuma yangu. “Pasta iko anaomba.”

Ningeweza kusema: wapendwa, natazama taa. Neno hilo lilifika mpaka kwenye meno. Lakini wale vijana walikuwa wametulia sana, na bunduki zimeelekea chini, na sijui ni lini tena walitulia hivyo. Nikainamisha kichwa mara ya pili, nikaomba kweli, kwa ajili yao na mama zao, ili kofia zisiwe zimevuliwa bure. Bwana atanihukumu kwa ile mara ya kwanza.

Beni, mama mkwe wangu alikuwa tayari tangu alfajiri. Alikuwa na mfuko wa nguo, mwavuli mweusi mkubwa wa marehemu mumewe, na kitunga chenye kuku mmoja, miguu imefungwa. Kumpandisha kulihitaji kigoda, majirani wawili wanawake, na mimi kutazama kakao iliyoanikwa kana kwamba nataka kuinunua. Kitunga kikawekwa kati yetu. Kuku akakaa ndani, kichwa nje, akinitazama shingoni.

Tulipotoka shambani, nikasikia sauti nyuma yangu.

“Wewe kuku, uulize huyu mwenye kutupeleka kama ile mashimo iko anaifuata ao mashimo iko inamufuata.”

“Kuku,” nikasema, “mwambie mama nitapunguza.”

“Kuku, umwambie asipunguze sana. Umri yangu haina siku nyingi za kupoteza njiani.”

Hivyo ndivyo tulivyosafiri. Kuku alibeba habari za kakao, za majirani waliokimbia, za wajukuu, na za taa ya kijani niliyoitafuta chini ya kofia kabla ya kuondoka. Alibeba hata swali kwa nini mahubiri yangu ya mwaka jana, siku alipotutembelea, yalikuwa marefu. Nilijitetea vizuri, na kuku alinisikiliza bila upendeleo.

Tulifika kizuizini jua likiwa utosini. Nikazima. Mkubwa akaja, akamsalimu mama kwa heshima, mikono miwili, akamwambia asishuke, mama mzee abaki palepale. Kisha akatazama ndani ya kitunga.

“Pasta,” akasema, “hii kuku na ile madesu yangu, haviko ndugu?”

Nikakubali kwamba ni ndugu. Ningesema nini? Akamnyanyua kuku kwa miguu, akamkabidhi kijana wake, na deni la sufuria likaisha kwa upole kabisa. Mama hakuwa amesikia habari yoyote ya madesu, na sasa hakuwa na wa kumwuliza.

“Nendeni,” mkubwa akasema. “Lakini polepole na ile kuruka. Sikusahau neno langu.”

Nikavua kofia, nikafunika, nikainama. Askari wakavua zao. Aliyeshika kuku akavua kwa mkono wa kushoto. Sikuona kitu. Jua liliingia kila upande. Nikagusa gia kwa mguu, juu, chini, nikainama tena. Giza si giza, mwanga si mwanga. Labda gia iko ndani. Labda ampuli ya mlevi imelala kabisa. Mtu mwingine angeshuka, akaisukuma hatua moja, akajua: ikisukumika iko huru. Lakini huwezi kusukuma na mama juu yake, na kumshusha mama bila kigoda na bila wanawake wawili, mbele ya bunduki nne, kungekuwa aibu ambayo mke wangu angeisikia kabla sijafika. Nikainama mara ya tatu. Jasho likadondoka kwenye kioo.

“Leo sala iko murefu,” askari mmoja akanong'ona.

“Iko na muzigo,” mwenzake akajibu.

Ndipo nikasikia kitu kikifunguka nyuma yangu, na kivuli kikaniangukia. Mama alikuwa amefungua mwavuli wa mumewe na kuunyoosha juu ya kichwa changu mpaka mbele ya usukani. Kwa kufanya hivyo alilazimika kuegemea, na bega lake likagusa mgongo wangu pale alipokuwa kuku. Nikaondoa kofia, na kioo kikawa cheusi kama chungu. Na katikati yake, kijani.

Macho yangu yalikuwa yamejaa jasho, nikawa na mashaka. Yeye hakuwa nayo.

“Iko inawaka, mwana,” akaniambia sikioni. Kwangu mimi, si kwa mwingine. “Kidogo, lakini iko inawaka. Twende.”

Nikapiga teke. Injini ikaitika, pikipiki ikabaki pale ilipo, ikitetemeka kwa adabu. Askari wakavaa kofia. Tukapita kamba.

Tukaanza kupanda Kabasha, mimi mbele, mama na kitunga nyuma. Mwavuli alikuwa hajaufunga, na upepo ulikuwa ukituvuta kuelekea korongoni, lakini mimi ni nani wa kumwambia aufunge. Kisha sauti ikatoka nyuma, ikizungumza na kitunga kitupu.

“Wewe kitunga, nasikia kuko madesu ilimwangika kwa hii njia. Uulize huyu.”

“Kitunga,” nikasema, “mwambie mama hiyo ni habari ndefu.”

“Kitunga, kupanda nako ni kurefu.”

Nikakisimulia kitunga yote, mguu na ampuli na fundi. Nilihisi kitunga kikitikisika mgongoni mwangu, na haikuwa mashimo. Pale barabara ilikuwa nzuri.

Mke wangu alitupokea uani na kigoda mkononi. Nikageuka kutazama ukuta mpaka mama aliposhuka. Jambo la kwanza alilotafuta mke wangu lilikuwa kuku, maana mama yake hajawahi kuja mikono mitupu.

“Kuku alibaki Kabasha,” mama akamwambia. “Alilipa deni ya mume wako.”

“Na mulisemeshana kupitia nani, saa zote hizo?”

Mama mkwe wangu akafunga mwavuli, akaukung'uta vumbi, akatazama pikipiki.

“Kupitia taa,” akasema, akaingia ndani.