Upepo Kwenye Breki ya Mbele

Kabla ya kiharusi, mtu huyu alikuwa fundi wa pikipiki, na mtaa mzima ulimwita Simama. Mteja akija na pikipiki inayokohoa, akilalamika kwamba haina mbio, yeye aliinama kwanza kukagua breki. "Kwenda, hata jiwe huenda ukilisukuma," alikuwa akisema. "Kusimama ndiko kazi." Jina likamganda. Hata mkewe, mshonaji wa nguo, akimkasirikia alimwita hivyo hivyo.

Kiharusi kilimkuta amechuchumaa, anakaza mnyororo wa mtu. Kilimwachia uhai, kikamchukulia mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno yote isipokuwa moja. Daktari alieleza kwamba wagonjwa wengine hubakiwa na neno, wala hakuna ajuaye kwa nini liwe lile na si jingine. Yeye alibakiwa na "bado". Akiulizwa kama ameshiba, bado. Akitaka dirisha lifungwe, bado. Alipotaka kumwambia mkewe asante, mdomo ulijipanga vizuri kabisa kwa asante, kisha ikatoka bado. Kuandika nako kulipotea, herufi zilimkimbia. Lakini akili haikuguswa. Mle ndani alikuwa mzima kama zamani, ila mlango umekomewa kwa nje.

Jirani alikuja kumpa pole, akamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini hapa Simama hakuwa mhunzi. Yeye ndiye alikuwa koleo.

Mkewe alihamishia cherehani kwenye chumba cha mbele kilichokuwa karakana, akashona katikati ya spana zilizotundikwa ukutani, mume akiwa karibu naye kwenye kiti cha mikono. Walikuwa hivyo asubuhi ile mkwe wao, mume wa binti yao wa pekee, alipofika na pikipiki, akiisimamisha kwa kuburuta ndala chini. Alikuwa akisambaza mikate kutoka tanuri lililo juu ya kilima, makreti yamefungwa nyuma.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu," mama mkwe akajibu.

"Bado," akasema Simama, na mkwe akaipokea kama marahaba.

"Breki ya mbele imelegea," mkwe akasema. "Jana nilibadilisha mpira wa mafuta mwenyewe, ule wa zamani ulikuwa unavuja. Tangu hapo nikiminya, mkono wa breki unazama mpaka kwenye usukani. Ni kama naminya mkate. Nilitaka nimpelekee fundi wa stendi."

"Wa stendi wa nini, na baba yako yupo hapa? Vifaa si hivi? Mimi nimemshikia breki miaka na miaka. Tutafanya mbele ya macho yake, itamchangamsha."

Simama alikuwa ameshaujua ugonjwa kabla mkwe hajamaliza kusema. Ni upepo. Mafuta ya breki hayakubali kubanwa. Ukiyasukuma huku, yanasukuma kule. Upepo hukubali, unajikunja, na nguvu ya mkono inaishia humo. Dawa yake ni kuutoa wote. Wakamsogeza na kiti chake mpaka karibu na gurudumu la mbele, akasikia harufu ya mafuta, na kwa muda mfupi akajiona mtu.

Mkwe alifungua kikopo cha mafuta kilicho kwenye usukani, akakijaza. Chini gurudumuni akachomeka mpira mwembamba kwenye nati ya kutolea upepo, ncha ya pili akaiingiza kwenye mdomo wa chupa tupu. Mama mkwe akashika mkono wa breki.

Zamani walifanya kazi hiyo wawili. Mume alichuchumaa chini akiamuru, "Minya. Minya. Shika." Kisha, "Achia." Mke alitii huku akiangalia barabarani na kusalimiana na wapita njia. Hakuwahi kutazama chini. Hakujua kwamba kati ya shika na achia mkono wa mumewe ulikuwa na kazi yake ya kimya: kulegeza nati kidogo, kuacha mafuta na mapovu yatoke, kuikaza tena. Ikishakazwa ndipo aliposema achia.

"Fungua hiyo nati, tuanze," mke akasema. "Naminya. Naminya. Nashika. Naachia."

Mapovu yalitoka. Alipoachia, nati ikiwa wazi, breki ilivuta upepo mwingine kwenye ule mpira na kuurudisha ndani.

Funga kwanza, Simama alitaka kusema. "Bado."

"Umesikia?" mke akamwambia mkwe. "Bado upepo upo. Tuendelee."

Wakaendelea. Kikopo kikaisha mafuta, wakaongeza, chupa ikajaa, wakaimwaga. Mkwe alisifu wingi wa mapovu, akidhani kila povu ni hatua mbele. "Baba, tumemaliza?" Bado. "Tuongeze?" Bado. Simama alipiga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto, akaonyesha nati, akakunja kidole kama mtu anayekaza. Mke aliacha kazi akamtazama kwa huruma.

"Anataka kujisaidia," alisema.

Wakamnyanyua, huyu kwapa hili na yule lile, wakamkokota mpaka chooni. Mkwe, kwa adabu, akageuza uso. Simama alisimama mle akiegemea ukuta, hana haja yoyote, mpaka mkewe alipochoka kungoja akamfunga suruali.

Waliporudi, Simama alivizia. Mke aliposema "nashika", aliinama, akainyakua spana iliyokuwa kwenye nati kwa mkono wa kushoto na kuivuta. Nati ilikaza. Ilikuwa sawasawa kabisa, wakati wake hasa. Lakini mwili ulimwelemea, akalalia chupa, mpira ukachomoka na mafuta, ambayo hula rangi, yakamwagikia madigadi ya mbele yenye rangi mpya.

"Sasa unatuharibia," mke akasema, taratibu, kama anavyoambiwa mtoto. Akamtoa spana vidoleni, kimoja kimoja.

"Pumzika, baba," mkwe akasema. "Tutaweza."

Hawakuweza. Mkono wa breki uliendelea kuzama, na mikate ilikuwa inangojwa madukani. Mkwe akaamua kushuka kilima kwa breki ya nyuma, pole pole, ampitie fundi wa stendi. Alipoinama kuaga, Simama alimkamata shati kifuani. Kilima kile alikijua, na kona yake ya chini. Alishika kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Bado," alisema. "Bado. Bado."

"Anakuombea safari njema," mke akasema, na sauti yake ikalegea.

Mkwe akaubusu mkono ule, akaubandua shatini, akaondoka.

Saa zile Simama alizimaliza kwa kusikiliza. Kila pikipiki iliyopita aliitambua kwa muungurumo, wala hakuna iliyokuwa yenyewe. Cherehani ilikuwa ikikimbia kando yake. Mkewe alimlisha, akala, maana kukataa nako kungehitaji maelezo.

Mkwe alirudi jua likiwa limeshageuka, kiganja kimefungwa kitambaa na goti la suruali limechanika.

"Msishtuke," alisema. "Kwenye kona pale chini mkokoteni ulikata mbele yangu. Nikaona bora niingie kwenye lile lundo la mchanga wa wajenzi. Mikate ndiyo iliyopata ajali." Akacheka. "Nikaisukuma pikipiki hadi kwa fundi wa stendi, naye hata hakuchukua muda. Kumbe unafunga nati kwanza, ndipo mwenzako aachie. Sisi tulikuwa tunatoa upepo na kuurudisha wenyewe."

Mke aliacha kushona. Alimgeukia mumewe, akamwangalia mdomo, kisha macho.

"Ndicho ulichokuwa unatuambia?"

"Bado," akasema Simama, na machozi yakamtoka. Lakini daktari alikuwa ameshawaonya kwamba machozi ya wagonjwa kama hawa huja ovyo, bila sababu, kwa hiyo mke alimfuta uso na hakujua aamini lipi. Alikaa amemshika bega mpaka mteja alipoingia kuulizia gauni lake.

Mkwe aliisogeza pikipiki hadi kitini. "Jaribu, baba. Ione ilivyo ngumu."

Mkono wa breki ya mbele uko kulia. Simama alivusha mkono wa kushoto juu ya usukani, akauminya. Ulikuwa mgumu, ulisimama mapema, breki safi ya fundi anayejua kazi. Aliminya tena, kisha mkwe akaaga, kwani tanuri lilikuwa linamngoja.

Mteja alikuwa na mengi ya kusema juu ya mikono ya gauni. Jua liliingia mlangoni na kuufikia mguu wa kulia wa Simama, ule usiohisi. Aliona ngozi yake inaanza kumeta kwa jasho, ila joto lenyewe hakulipata. Akangoja mkewe ageuke, amtoe juani.